Daftari la Upande Mmoja

Katika nchi iliyo kati ya Malava na Webuye, si mbali na mto Nzoia, iko Matete, mojawapo ya kaunti ndogo za Kaunti ya Kakamega. Apitaye huko huona miwa mkono wa kulia na mkono wa kushoto, na matrekta yakivuta matela yaliyojaa miwa kwenda viwandani. Aonacho msafiri ni jasho la mkulima. Asichokiona ni karatasi. Kila tela lipitalo lina karatasi zake: ya mzani, ya uvunaji, ya uchukuzi, na ya mbolea iliyokopwa tangu mwaka juzi. Mwisho wa hizo zote ni karatasi moja imwambiayo mkulima amepata nini baada ya kungoja mwaka na nusu. Mara nyingine humwambia kwamba hakupata kitu, bali yeye ndiye anayedaiwa.

Nataka kueleza karatasi hiyo ilitoka wapi, maana safari yake ni ndefu kuliko safari ya miwa.

Jina la Matete, likisomwa kwa Kiswahili, hunikumbusha mmea wa kando ya maji ambao ndio kalamu ya kwanza ya mhasibu. Watu wengi hudhani kuwa maandishi yalianza kwa nyimbo, au kwa sala, au kwa habari za wafalme. Sivyo. Katika mji wa kale wa Uruk, nchi ambayo leo ni Iraki, yamefukuliwa mabamba ya udongo yenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, na mengi katika hayo ni hesabu tupu: shayiri iliyoingia ghalani, pombe waliyogawiwa vibarua, kondoo waliotolewa. Karani alitwaa bonge la udongo mbichi, akalitia alama kwa kijiti cha tete, kisha akaliacha likauke. Basi kabla ya kuandika sifa za mashujaa, mwanadamu aliandika nani kapewa nini na nani bado hajalipa.

Wazee wetu wa bara hawakuwa na udongo wa namna hiyo, lakini msidhani kwamba hawakuwa na hesabu. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, na Uluhya pia, mtu aliweza kumwekea rafiki yake ng'ombe: huyu akamtunza na kunywa maziwa, na yule akabaki na mali yake na ndama wake kwa masharti waliyopatana. Mkataba huo haukuandikwa. Ulikaa katika vichwa vya watu wawili na vya mashahidi. Ng'ombe akifa, au ndama wakizidi, ugomvi uliamuliwa kwa kuwakutanisha wote na kusikiliza kumbukumbu ya kila upande. Neno hilo, kila upande, ndilo ninaloomba msomaji alishike, kwani tutalihitaji tena.

Pwani elimu ya daftari iliingia mapema, na maneno yenyewe yashuhudia njia yake. Hesabu, daftari na stakabadhi yametoka kwa Waarabu. Karani, pesa na rupia yametoka Bara Hindi. Hundi, ambayo leo ni karatasi ya benki, hapo kale ilikuwa waraka wa wafanyabiashara wa Kihindi: mtu alilipa fedha katika mji mmoja, akapewa waraka, na mwenzake akapokea fedha hizo katika mji mwingine ng'ambo ya bahari bila ya hata sarafu moja kupakiwa jahazini. Leja ilikuja mwisho, pamoja na Waingereza.

Zaidi ya maneno, pwani ilikuwa na kanuni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika sura ya pili, yahusu kuandika deni. Deni la muda na liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Tena lipo jambo moja ambalo wasomaji wengi hulipita kwa haraka: anayemtajia mwandishi maneno ya kuandika ni yule anayedaiwa, wala si yule anayedai. Aliye dhaifu katika mapatano hayo ndiye aliyepewa ulimi. Sijui kanuni ya kale ya biashara iliyo na busara kupita hiyo.

Huko Ulaya, mwaka 1494, mtawa wa Kifransisko aitwaye Luca Pacioli alipiga chapa mjini Venice kitabu kikubwa cha hesabu, na ndani yake akatia sehemu ifundishayo namna ya kuweka daftari za biashara. Hakuibuni namna hiyo, wala hakudai kuwa aliibuni. Alieleza desturi ya wafanyabiashara wa Venice, na mji wa Genoa ulikuwa na daftari za namna hiyo tangu mwaka 1340. Lakini mambo yaliyokuwa siri ya maduka sasa yaliweza kusomwa na yeyote mwenye kununua kitabu. Miaka 4 baadaye merikebu za Vasco da Gama zilifika Mombasa na Malindi.

Pacioli alitaka mfanyabiashara awe na daftari 3. La kwanza lilikuwa la kumbukumbu, ambamo kila jambo liliandikwa papo hapo, hata na mtumishi wa nyumbani ikiwa alijua kuandika. La pili lilikuwa daftari la kila siku, ambamo mambo hayo yalipangwa kwa tarehe na kwa lugha ya kihasibu. La tatu lilikuwa daftari kuu, ambamo kila mtu na kila kitu kilipewa ukurasa wake. Na kiini cha elimu yote ni hiki: kila jambo huandikwa mara mbili. Mwenye duka akinunua magunia 10 ya mahindi kwa shilingi 30,000 taslimu, ukurasa wa mahindi huandikwa 30,000 upande wa kushoto, ambao wahasibu huuita debiti. Na ukurasa wa fedha huandikwa 30,000 upande wa kulia, ambao huitwa krediti. Kitu kimeingia, kitu kimetoka. Akinunua kwa mkopo, fedha haiguswi. Upande wa kulia huandikwa katika ukurasa wa yule aliyemwuzia. Ikifika mwisho wa mwezi, jumla ya kushoto yote lazima ilingane na jumla ya kulia yote. Kulingana huko ndiko kuitwako urari.

Wanafunzi wengi hushikwa na kosa la kudhani kuwa debiti ni hasara na krediti ni faida. Si hivyo hata kidogo. Ni pande mbili tu, kama kingo mbili za mto. Mwalimu mmoja alitukaririsha kwamba apokeaye ndiye wa debiti na atoaye ndiye wa krediti, nasi tukakariri miezi mingi bila ya kufahamu. Nilifahamu siku nilipotambua kuwa deni moja hukaa katika daftari mbili za watu wawili. Nikikukopesha shilingi 500, katika daftari langu jina lako liko kushoto. Katika daftari lako jina langu liko kulia. Daftari zetu hutazamana kama mtu na kioo chake. Ukisema umelipa, twafungua zote mbili.

Lakini ikiwa daftari liko kwangu tu, na wewe huna, kuna nini cha kutazamana nacho? Hapo ndipo historia ya nchi yetu ilipokwama kwa muda mrefu.

Tuanze na Unguja. Sayyid Said alipohamishia makao yake huko katika karne ya 19, forodha ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, wafanyabiashara wa Kutch. Nyumba hiyo ilimlipa Sultani kiasi walichopatana kwa mwaka, nayo ikajikusanyia ushuru. Sultani alipohitaji fedha kabla ya wakati, alichukua kwao, na jambo likaandikwa. Hivyo mtawala wa visiwa na pwani alikuwa jina katika daftari la mtu mwingine. Sayyid Barghash alipokalia kiti mwaka 1870 alikuta deni lililoachwa na ndugu yake Majid, na deni hilo likawa asili ya mabishano makali. Chini ya Sultani walikuwapo viongozi wa misafara. Hamed bin Muhammed, ambaye watu walimwita Tippu Tip, alichukua bidhaa kwa mkopo kwa Taria Topan, akaenda nazo bara kutafuta pembe za ndovu. Katika misafara ya zama zile binadamu nao walitiwa bei kama pembe, na daftari halikuona haya kuwapokea. Urari hausemi kama jambo ni halali. Husema tu kama pande mbili zimelingana.

Misafara ya pwani ilifika hata Mumias, makao ya watawala wa Wanga, ambapo Mwingereza Joseph Thomson alipita mwaka 1883. Kisha ikaja reli. Mwaka 1901 ilifika Kisumu, na nyuma yake maduka. Allidina Visram, aliyetoka Kutch akiwa kijana mdogo, alikuwa na maduka kuanzia pwani hadi Uganda. Wenye maduka wengi wa Kihindi waliandika hesabu zao kwa Kigujarati, katika daftari ndefu zenye majalada mekundu, na sikukuu ya Diwali ilipofika walifungua daftari mpya kwa ibada. Ni desturi nzuri. Pacioli naye aliagiza daftari lianzwe kwa jina la Mungu. Lakini mkulima aliyeleta ngozi au simsim dukani, akachukua nguo na chumvi, hakuweza kusoma lililoandikwa juu yake hata kama angefunuliwa ukurasa.

Serikali nayo ilikuwa na daftari lake. Yamkini karatasi ya kwanza iliyoingia katika nyumba nyingi za Uluhya, na kuhifadhiwa darini kwa hofu kubwa, ilikuwa stakabadhi ya kodi ya kibanda. Kodi ililipwa kwa rupia, na rupia zilipatikana kwa kuuza mazao au kwa kwenda kufanya kazi ya mshahara katika mashamba ya walowezi. Hata kipimo cha daftari chenyewe kiligeuzwa bila ya kuulizwa mkulima. Mwaka 1920 rupia, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na thamani ya shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza, ilifungwa katika shilingi 2. Ikaitwa florini, na mwaka uliofuata ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Walowezi waliokuwa na madeni benki walipiga kelele, kwa kuwa kwa mkwaju mmoja wa kalamu deni lao, likipimwa kwa fedha ya Uingereza, lilikuwa limeongezeka kwa nusu. Kelele zao zimo katika vitabu vya historia, maana wao walijua kusoma daftari.

Mwafrika hakuweza hata kupiga kelele ya namna hiyo, kwa sababu sheria haikutaka awe mdeni mkubwa. Tangu mwaka 1903 palikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, na mwaka 1948 ikatungwa nyingine iliyoweka mpaka wa shilingi 200. Mfanyabiashara aliyemkopesha Mwafrika kupita kiasi hicho bila ya kibali hakuweza kumdai mahakamani. Sababu iliyotolewa ilikuwa kumlinda mwenyeji asizame katika madeni, nami siwezi kukanusha kwamba wako waliolindwa. Lakini tazama na upande wa pili. Asiyekopeshwa haulizwi daftari. Benki haikuwa na haja ya kumtaka mwenye duka wa Kabras aonyeshe hesabu zake, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuziandika. Na kwa kuwa hakuziandika, ilisemwa kwamba hafai kukopeshwa. Duara hilo lilizunguka zaidi ya miaka 40.

Mahindi ndiyo yaliyofuata. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilishika biashara ya mahindi, na mkulima wa Nyanza Kaskazini, wilaya ambayo wakati ule ilikuwa na nchi ya Kabras ndani yake, alilipwa bei iliyokwisha kupunguzwa: sehemu ilikatwa ikatiwa katika mfuko wa kuendeleza kilimo. Mfuko huo ulifanya kazi njema kadha wa kadha. Hata hivyo makato yalifanyika katika ukurasa ambao mwenye mahindi hakuuona.

Vyama vya ushirika vilikusudiwa kuponya ugonjwa huo. Kwa muda mrefu ushirika wa Kenya ulikuwa jambo la walowezi; sheria ya mwaka 1945 ndiyo iliyofungua mlango kwa wakulima Waafrika, na mwaka 1952 yakaanza mafunzo ya wakaguzi wa ushirika huko Kabete. Fikra ilikuwa njema: wanachama wote wawe wenye daftari. Ila katika vyama vingi vichanga wanachama walikuwa mamia, daftari lilikuwa moja, na msomaji wake alikuwa mmoja, yaani mweka hazina. Akiwa mwaminifu, mambo yalikwenda. Akiwa si mwaminifu, mkutano mkuu ulisomewa tarakimu, ukapiga makofi, ukatawanyika. Daftari la ushirika lilikuwa limerudi kuwa la upande mmoja, ingawa safari hii mwenye kulishika alikuwa jirani.

Baada ya mwaka 1962, mashamba ya walowezi yalipokuwa yakigawanywa, watu walipewa viwanja katika miradi ya makazi ya Lugari, upande huo huo wa Matete. Hawakupewa bure. Ardhi iliandikwa kuwa mkopo wa kulipwa kwa miaka mingi, na mkopo wa maendeleo juu yake. Mtu aliyezuiwa jana kukopa zaidi ya shilingi 200 aliamka leo akiwa mdeni wa maelfu, bila ya kufundishwa lolote katikati. Kisha ikaja miwa: kiwanda cha Mumias kilianza kusaga mwaka 1973, cha Nzoia mwaka 1978, na cha Kabras mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa miwa, mkopo haukuwa tena jambo la bahati. Ndio uliokuwa mwanzo wa shamba. Kiwanda kililima, kikaleta mbegu na mbolea, kikavuna, kikachukua, kikapima, kikaandika.

Sasa tuchukue mfano, nao ni mfano tu. Tarakimu zake nimezichagua ili zihesabike kwa urahisi, wala si bei za mwaka wowote. Yuko mkulima Matete mwenye ekari moja. Ana daftari la shule la shilingi chache, na kila ukurasa ameupiga mstari katikati. Anaandika hivi.

Tarehe 4 Machi. Shamba la miwa, debiti 12,000. Kiwanda, krediti 12,000. Kulimiwa kwa trekta.

Tarehe 20 Machi. Shamba la miwa, debiti 18,000. Kiwanda, krediti 18,000. Mbegu za miwa.

Tarehe 9 Aprili. Shamba la miwa, debiti 10,000. Kiwanda, krediti 10,000. Mbolea mifuko 2, kila mmoja 5,000.

Shamba limepokea, kiwanda kimetoa. Mpaka hapo kiwanda kinamdai 40,000, naye anajua. Hajaandika kazi ya mkewe na watoto waliopalilia mara tatu, kwa sababu hakuna aliyelipwa. Na huo ni upungufu wa elimu hii tangu Venice hata leo, kwamba jasho la nyumbani halina ukurasa. Miezi 18 inapita. Miwa inavunwa, inapimwa tani 30, na bei ni 4,000 kwa tani. Anaandika: Kiwanda, debiti 120,000, Mauzo ya miwa, krediti 120,000. Kisha anaandika gharama za kuvuna na kuchukua, 30,000, na riba, 6,000, zote zikiwa krediti kwa kiwanda. Anajumlisha ukurasa wa kiwanda. Kulia ni 12,000 na 18,000 na 10,000 na 30,000 na 6,000, jumla 76,000. Kushoto ni 120,000. Tofauti ni 44,000, nayo iko kushoto. Mdai amegeuka kuwa mdeni; sasa kiwanda ndicho kinachodaiwa.

Inapokuja karatasi ya malipo, inasema 39,000.

Jirani yake, ambaye hakuandika kitu, naye amepata karatasi isiyomridhisha. Jirani anasema ameibiwa. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Hawezi kuonyesha ni wapi, na karani wa ofisini amekwisha kuzoea malalamiko ya namna hiyo. Mkulima wetu hasemi ameibiwa. Anaweka karatasi ya kiwanda upande mmoja na daftari lake upande mwingine, anashuka mstari kwa mstari kwa kidole. Kulima, sawa. Mbegu, sawa. Uvunaji na uchukuzi, sawa, riba, tuiache. Mbolea: karatasi yasema mifuko 3, shilingi 15,000. Daftari lasema mifuko 2, na kati ya kurasa zake iko stakabadhi aliyoitia sahihi siku ile, ikiwa imekunjwa mara nne na kuingia doa la chai.

Siku hizi vijana wa Matete wana njia nyingine pia. Tangu mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza, simu huandikia pande mbili kwa mara moja: aliyetuma hupata ujumbe, aliyepokea hupata ujumbe, na kila mmoja hubaki na tarehe na kiasi. Na katika vyama vya kina mama vya kuweka na kukopa, mara nyingi kila mwanachama hushika kijitabu chake mwenyewe kando ya daftari la chama, na siku ya mkutano vyote viwili huandikwa mbele ya macho ya wote. Sidhani kama Pacioli angekuwa na la kuwafundisha hapo.

Asubuhi mkulima wetu amevaa koti lake la kwenda mjini, ametia daftari katika mfuko wa nailoni kwa kuhofia mvua, na amefika ofisini kabla ya foleni. Karani anamwuliza shida yake. Anajibu kwamba hana shida, anataka tu walinganishe hesabu. Karani anamtazama kitambo, kisha anainuka kwenda kabatini, na daftari mbili zinalala wazi juu ya meza moja. Wote wawili wanatafuta tarehe 9 Aprili.